Anayepika Kahawa Anywe Kwanza

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu nitaikumbuka. Ni siku niliyokaa nyikani nikimtazama mtu anapika kahawa, kuanzia kuwasha moto mpaka kumimina, na mimi nina uhakika kabisa kwamba anataka kutuua.

Nitakueleza, wewe na begi lako hilo la safari, lakini kwanza ujue ni kitu gani kimenikumbusha. Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike alikuja hapa kwangu Kwa Vonza na wenzake, wamebeba mabegi makubwa mgongoni kama watu waliofukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Walisema wanaenda kutembea porini kwa miguu, walale kwenye hema, halafu warudi Nairobi. Kutembea tu. Hakuna ng'ombe aliyepotea, hakuna mzinga wa kuangalia. Sikuwauliza mengi. Kabla hawajaondoka walitoa jiko dogo la gesi, wakatoa kahawa kwenye karatasi inayong'aa, wakaipika hapo nje ya duka langu. Kijana mmoja akaniletea kikombe kwa mikono miwili. Adabu anayo, siwezi kumnyima hilo.

Nikamwambia, "Kunywa wewe kwanza."

Wakacheka wote. Mjukuu wangu akasema, "Babu, hiyo ni kahawa tu, si sumu."

Nikamjibu kwamba hata waliokufa kwa sumu hawakuambiwa ni sumu. Kijana akanywa, ndipo na mimi nikanywa. Ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Walikuwa wameichemsha mpaka ikakasirika.

Basi wakaenda zao wakijua babu ni mtu wa kushuku. Ni kweli. Mimi nilitoka Migwani nikiwa na panga na chupa chache za asali za kuuza kando ya barabara, na shule niliiacha darasa la tatu. Leo duka hili la simiti na mabati ni langu, na lori unaloliona nje ni langu. Hakuna aliyenipa. Na sikufika hapa kwa kuamini kila mtu anayenionyesha meno. Lakini kuna namna ya kushuku, na hiyo nilifundishwa, sikuzaliwa nayo. Ndiyo nataka kukupa, pamoja na kahawa yenyewe, kwa sababu hayo mambo mawili niliyapata siku moja, kwenye sufuria moja.

Nilikuwa kijana, sijaoa. Dada yangu Mueni alikuwa amepata mchumba kutoka Makueni, kwenye milima ya Mbooni ambako watu wanalima kahawa. Jina lake Muthama. Walikuwa wamekutana mjini Wote, siku ya soko, na mimi nilipewa habari wakati mambo yameshaiva. Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hivyo mwenye kusema ndiyo au hapana alikuwa baba yetu mkubwa, Mzee Kilonzo, mwenye mizinga mingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Na wewe uliyekulia mjini labda hujui: kwetu Ukambani mahari bila asali haijakamilika. Lete mbuzi, lete blanketi, lakini asali lazima iwe mbele ya wazee.

Mzee Kilonzo alimwambia Muthama mbele yetu, "Asali ya kununua Wote mimi siitaki. Utakuja na sisi nyikani, upande mti wangu, uteremshe asali kwa mikono yako. Ukirudi nayo, tutazungumza habari ya arusi. Ukishindwa, ukaoe huko kwenu milimani."

Muthama alikubali hapo hapo. Hiyo nayo sikuipenda. Mimi mtu akikubali haraka najiuliza anajua nini ambacho mimi sijui.

Tulikwenda watu wanne: Mzee Kilonzo, Muthama, mimi, na binamu yangu Nzioka, ambaye hanyamazi hata akiumwa na nyuki. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba chini ya mti. Kazi nyingine nilijipa mwenyewe, ya kumtazama huyu Muthama. Dada yangu ni mmoja, na Mbooni ni mbali. Akipata shida kule, nani atasikia?

Tuliteremka kutoka Kwa Vonza tukaelekea nyika ya chini, mahali ambapo hata mbwa habweki kwa sababu hakuna mwenye mbwa. Tulipopumzika mara ya kwanza, Muthama alifungua begi lake akatoa kopo lililofungwa kwa mpira wa tyubu. Ndani ya kopo mlikuwa na kitambaa. Ndani ya kitambaa, unga mweusi. Akaunusa, akafunga haraka, akarudisha.

Mwanangu, sisi ni watu wa Ukambani, habari za uchawi tumezaliwa tukazikuta. Unga mweusi ndani ya kitambaa si kitu unachokiona halafu ukaendelea kutafuna mahindi yako.

"Umeona?" nikamnong'oneza Nzioka.

"Nimeona. Labda ni ugoro."

"Ugoro si mweusi namna hiyo."

"Basi ni ugoro wa Makueni. Huko hata ugoro wanauchoma."

Nilinyamaza, lakini jicho halikunyamaza.

Jua lilipoanza kulegea tulifika kwenye mto wa mchanga. Unajua mito yetu: juu ni mchanga mtupu, maji yako chini, unachimba kwa mikono. Mimi nilichimba nikajaza mtungi wangu upesi. Yeye akachimba shimo, akaonja maji, akatema. Akasogea mbele, akachimba lingine, akaonja, akatema. Akaenda mpaka karibu na ukingo wa juu, akachimba tena, akayatoa maji ya kwanza yote kwa kibuyu akayamwaga, akangoja mengine yaingie polepole. Hayo ndiyo aliyaweka kwenye sufuria. Nikamwambia nina maji tayari. Akanishukuru vizuri sana, akasema hapana, atatumia yake.

Mtu anakataa maji yako nyikani. Wewe ungefikiri nini?

Halafu kuna kijiti. Katika ile nyika kuna mti ambao wazee wetu walitumia kupika sumu ya mishale, zamani za kuwinda, kabla serikali haijakataza. Ukiujua unaupita mbali. Muthama alikata kijiti mahali, sikuona ni mti gani, akaketi karibu na moto anakimenya ganda lote mpaka kikawa cheupe. Alipogeuka niliokota yale maganda, nikayanusa, nikayatia mfukoni. Nilisema moyoni, tukifa wote, anayetukuta atayapata.

Wakati huo tulikuwa tumeshafika chini ya mti wa mkwaju wenye mzinga wa Mzee, kando ya mto. Nyuki hawaguswi jua likiwa kali, unangoja litue, na katika kungoja huko ndipo watu husinzia, na mtu mwenye usingizi hapandi mti. Ndiyo sababu Muthama alisema atupikie kahawa. Mzee akakubali kwa kichwa.

Nikaona yote. Moto wake ulikuwa mdogo, wa kuni kavu zisizo na moshi. Maji yalipochemka aliipua sufuria, ndipo akatia ule unga mweusi, akakoroga kwa kijiti chake. Akairudisha motoni, povu likapanda mpaka mdomoni mwa sufuria, akaiondoa. Likashuka, akairudisha tena kidogo, akaiondoa kabisa. Akaiweka kwenye mchanga, akanyunyiza maji baridi kiasi cha kiganja, akafunika. Halafu alifumba macho akaanza kuchezesha midomo bila sauti.

Alipofumbua macho, akafunua, akamimina taratibu. Kikombe cha kwanza kwa Mzee Kilonzo. Cha pili kwa Nzioka. Cha tatu kwangu. Yeye akabaki ameshika kikombe kitupu, anatutazama kwa tabasamu.

Sasa nikueleze kitu. Katika kambi zetu za asali kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua. Anayepika anaonja kwanza, mbele ya macho ya wote. Iwe uji, iwe pombe ya asali, hata maji. Hata Mzee Kilonzo, akitugawia maji ya mtungi wake mwenyewe, alikuwa anapiga funda moja kwanza. Si matusi. Ni kama kubisha hodi kabla ya kuingia kwa mtu. Na huyu mtu wa Mbooni, mwenye unga mweusi, aliyetema maji yetu, aliyefumba macho juu ya sufuria, alikuwa ametupatia sisi, na yeye hakuonja.

Mzee alikuwa ameshainua kikombe.

"Mzee, usinywe," nikasema. "Huyo hajaonja."

Muthama tabasamu likamtoka. Nilimwona anatazama begi lake, kisha njia tuliyojia, kama mtu anayepima kama atafika Kwa Vonza kukiwa bado na mwanga. Alielewa. Siku hiyo hakuwa anaambiwa kwamba kahawa yake ni mbaya. Alikuwa anaambiwa kwamba Mueni hatampata, na kwamba kote Migwani atajulikana kwa neno moja, na si neno zuri.

Mzee aliteremsha kikombe polepole. Hakumtazama Muthama. Alinitazama mimi.

"Umesema vizuri," akasema. "Lakini umemwambia nani?"

"Nimekuambia wewe, Mzee."

"Kwani mimi ndiye niliyepika?"

Nikaweka kikombe changu mchangani.

"Tangu asubuhi nakuona," Mzee akasema. "Umelitazama kopo lake, umemtazama akitema maji, umeokota maganda ya kijiti ukaficha mfukoni, unafikiri mimi ni kipofu. Umekusanya mambo mpaka mfuko umejaa, na swali hata moja hujamuuliza mwenyewe. Ukimshuku mtu, muulize. Ukikataa kumuuliza, huko si kushuku tena, umeshamfunga jela."

"Na kama ni muuaji, atajibu ukweli?"

"Atajibu kitu. Na wewe utakuwa na macho ya kumtazama anapojibu. Muulize."

Mimi si mtu wa kuogopa mtu, lakini kumgeukia Muthama kulinishinda kwa muda. Nilikuwa nimezoea kumtazama akiwa kwa upande. Hatimaye nikamgeukia.

"Kwa nini hujaonja?"

Akasema, "Kwa sababu ya kwanza ndiyo safi. Kahawa ya sufuria ikitulia, ya juu haina unga. Ya chini ni matope. Ya juu ni ya mzee, halafu wageni. Kwetu mpikaji anakunywa matope. Nikionja ya kwanza mbele ya mzee, mama yangu akisikia atanichapa hivi nilivyo."

"Na maji yangu uliyakataa kwa nini?"

"Yana chumvi, ndugu yangu. Huku mchanga una chumvi mahali na mahali. Chai inaweza kuficha chumvi, kahawa haifichi."

"Na kijiti?"

"Ni cha mkwaju huu huu, angalia hapo nilipokata. Ganda nalitoa kwa sababu ganda la mti wowote lina uchungu."

Nilitazama juu. Palikuwa na alama mbichi ya kisu. Yale maganda mfukoni yakaanza kunichoma.

"Na ulikuwa unasema nini umefumba macho?"

Hapo akaona aibu kidogo. "Nilikuwa naimba. Ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani kwetu. Ukiisha, kahawa imetulia. Ni saa ya mama hiyo."

Akatueleza ule unga. Zilikuwa ni mbuni, yaani zile kahawa zinazobaki kwenye matawi wakati kiwanda kimeshafunga kupokea. Mama yake anazikausha juu ya bati na maganda yake, anazitwanga, anazipepeta, anazikaanga kwenye chungu akikoroga bila kuondoka mpaka zipasuke, halafu anazitwanga tena. Wengi kwao wanalima kahawa na kunywa chai. Nyumba yao inakunywa. Ule wa kwenye kopo mama yake aliutwanga asubuhi aliyoondoka, aupeleke kwa wakwe.

Mzee akamnyooshea kikombe. "Nimekusikia. Heshima yako ni nzuri, lakini hapa si kwenu. Hapa heshima ni kuonja. Onja."

Muthama akapiga funda. Mzee akakichukua kikombe kile kile akanipa mimi kabla hajanywa yeye. "Sasa wewe. Uliyekuwa na wasiwasi ndiye wa pili."

Na hapo Nzioka, ambaye wakati huu wote alikuwa kimya, jambo ambalo lingetushangaza kama tungekuwa na nafasi, akageuza kikombe chake juu chini kutuonyesha. "Mimi nilimaliza yangu mkiwa kwenye mambo ya chumvi," akasema. "Kama ni kufa, nimeshaanza. Kuna nyingine?"

Nikanywa. Niliingoja inichukize, haikunichukiza. Ilikuwa nzito bila kuwa chungu, na nyuma ya ulimi palibaki utamu ambao hakuna aliyeutia. Nilimrudishia Mzee kikombe, na kunyamaza kwangu kulitosha kuwa sifa.

Unadhani iliishia hapo. Haikuishia.

Jua lilipogusa miti tulirusha kamba juu ya tawi nene. Mpandaji anajifunga kiunoni, na mtu wa chini anaishika na kuilegeza kidogo kidogo. Mguu ukiteleza, mtu wa chini ndiye uhai wako. Muthama ndiye mpandaji, ndiyo mtihani wake. Mtu wa chini ni mimi. Akaja na ncha ya kamba mkononi, akasimama mbele yangu.

"Shemeji," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Ni wewe utashika hapa chini?"

"Ni mimi."

"Fundo umefunga wewe?"

"Ni mimi."

Akaninyooshea kamba. "Basi ionje wewe kwanza."

Nzioka alicheka mpaka akakaa chini. Nilimtazama Mzee Kilonzo anisaidie. Mzee alikuwa anaangalia mawingu ambayo hayakuwepo.

Ningeweza kukasirika. Nilikuwa na nguvu na nilikuwa na kiburi, na hicho cha pili bado ninacho. Lakini mtu alikuwa amenishuku, na alikuwa amekuja kuniambia mimi mwenyewe, usoni. Hakumnong'oneza Nzioka. Hakuokota kitu akaficha mfukoni. Nikajifunga ile kamba kiunoni, wakanivuta wawili, miguu ikatoka ardhini, nikaning'inia pale nikizunguka kama nyama ya buchani.

"Imetosha?" nikauliza.

"Bado kidogo," Muthama akasema. "Nangoja itulie."

Akaimba ubeti wake wote, safari hii kwa sauti, ndipo wakaniteremsha. Kisha akajifunga, akapanda, na mimi nikaishika ile kamba kama naishika roho ya mtoto wangu. Aliumwa na nyuki mpaka jicho moja likafunga, lakini asali ya Mzee Kilonzo iliteremka yote, na ndiyo iliyokaa mbele ya wazee Migwani.

Mueni yuko Mbooni mpaka leo, ana wajukuu wakubwa kuliko nilivyokuwa mimi siku ile. Nikiwatembelea, Muthama ananipikia kahawa mwenyewe, kwa sufuria, nje kwenye mawe matatu. Anapiga funda la kwanza akinitazama machoni, ananipa, halafu anakunywa matope ya chini. Akija kwangu, mimi naonja chai kwanza, ndipo nampa. Watu wakituona wanafikiri tuna ugomvi. Hatujawahi kuwa nao. Bado naangalia mikono yake, na yeye bado anaangalia mafundo yangu.

Kwa hivyo wewe unayebeba begi kwenda porini, nisikilize. Usipike kahawa kwa maji usiyoyaonja. Usikoroge kwa mti usioujua. Unga usiingie kwenye maji yanayoruka motoni, ondoa sufuria kwanza. Povu likipanda likashuka, usilifukuze tena na tena, maji baridi kidogo na kufunika kunatosha. Halafu ngoja. Kama hujui wimbo wa kanisani, imba unaoujua. Kahawa mnayoimimina mkiwa na haraka mnakunywa matope yake.

Na ukiwa mpikaji, onja kwanza mbele ya watu, usingoje kuambiwa. Ukiambiwa, usicheke na usinune. Anayekwambia "onja" amekupa nafasi ya kujisafisha. Mwogope anayepokea kikombe kwa asante nyingi, anakimwaga nyuma ya kichaka, halafu anarudi mjini na habari zako. Na wewe ukishuku, na utashuku kwa sababu dunia hii haijapungua watu wabaya, peleka swali kwa mwenyewe, kukiwa bado na mwanga wa kuona uso wake.

Nenda basi. Mungu akupe maji matamu kwenye shimo la kwanza, kuni zisizo na moshi, na mwenzako wa chini awe ameshika kamba, si simu. Ukipita tena Kwa Vonza, njoo unipikie. Nitakunywa baada yako.